Gari Langu Lina Kila Mfumo wa Usalama, Mbona Lililala Ubavu?

Swali la msomaji:

"Nina gari la fo-wili lenye mfumo wa kuzuia lisiyumbe, breki za ABS na mifuko ya hewa hadi ya pembeni. Mwezi uliopita tulikuwa tunakatiza kilima kwa ubavu, mwendo wa mtu anayetembea, mimi, mke wangu na watoto wawili nyuma. Juu ya keria kulikuwa na hema, tairi ya akiba na madumu mawili ya maji. Tairi ya mbele ya upande wa chini iliingia kwenye shimo lililofunikwa na nyasi, gari likainama, likasita kidogo, kisha likalala ubavu taratibu. Mifuko ya pembeni ilifumuka pande zote mbili, ya mbele haikufumuka hata mmoja. Tulitoka wote, ila mke wangu shingo inamuuma tangu siku ile. Sasa kila mtu ana lake. Mmoja anasema mifumo ya gari ni mibovu. Mwingine anasema nikiwa mlimani nifungue mkanda ili niweze kuruka. Wa tatu anataka nichomelee mabomba ndani. Fundi anasema atanyoosha bodi, atairudisha ile mifuko ya pembeni mahali pake, na mimi niendelee na safari zangu. Nifuate lipi? Na inakuwaje gari lenye teknolojia yote hii lishindwe kuzuia jambo la polepole namna ile?"

Jibu:

Pole sana, ndugu yangu, na nashukuru kwamba wote mlitoka. Kabla sijagusa gari, nianze na mkeo. Shingo inayouma mwezi mzima baada ya gari kulala ubavu si ya kusubiri ipoe yenyewe. Gari linapoanguka, mkanda hushika kifua na nyonga, lakini kichwa huendelea kwenda, na misuli na kano za shingo ndizo hubeba mvuto huo. Mara nyingi huwa ni misuli tu na hupona. Lakini anayeweza kutenganisha msuli uliovutika na mfupa uliopata ufa ni daktari aliyemshika na kumpima, si mimi ninayesoma barua. Mpeleke wiki hii. Akiwa na ganzi au mikono isiyo na nguvu, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, au kushindwa kuzuia haja, basi usingoje kesho. Na mwelezeni daktari wazi kwamba gari lilipinduka, kwa sababu hilo hubadilisha vipimo anavyoagiza.

Sasa gari. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba mfumo wowote uliharibika. Kila kimoja kilifanya kazi kiliyoumbiwa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo si ile wewe uliyodhani, na sikulaumu kwa hilo. Tangazo la gari huonesha mlima, halafu huorodhesha mifumo ya usalama chini ya picha ya mlima. Mtu yeyote angeunganisha viwili hivyo.

Mfumo wa kudhibiti uthabiti, unaojulikana kwa herufi ESC, ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye magari makubwa ya Mercedes-Benz, baada ya kampuni hiyo kuutengeneza pamoja na Bosch. Ulipata umaarufu miaka miwili baadaye, pale waandishi wa jarida moja la magari la Sweden walipolijaribu gari dogo jipya la Mercedes, A-Class, kwa kukwepa ghafla kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Kampuni ikalazimika kuyarekebisha magari hayo na kuyawekea ESC yote. Marekani nayo ikaufanya wa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia yale ya mwaka 2012. Historia hii nimeileta kwa sababu inaonesha mfumo ulizaliwa wapi: barabarani, kwenye mwendo, dereva anapozungusha usukani kwa hofu na gari likaanza kuteleza.

Ndani yake kuna sensa zinazosoma usukani umeelekea wapi, kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani, gari linajizungusha kiasi gani na linasukumwa upande gani. Kompyuta hulinganisha njia unayoitaka na njia ambayo gari linaifuata kweli. Zikiachana, mfumo hushika breki ya gurudumu moja au mawili na kupunguza nguvu ya injini. Basi. Una mikono miwili tu, breki na mafuta. Baadhi ya magari, kama Volvo XC90 ya mwaka 2002, yaliongezewa sensa ya kupima gari linavyobinuka, lakini hata hayo jibu lao ni lilelile: kushika breki na kupunguza nguvu.

Rudi sasa kwenye kile kilima chako. Ulikuwa unatembea kwa mwendo wa miguu, usukani umenyooka, magurudumu hayatelezi. ESC ilitazama ikaona dereva anakwenda anakotaka kwenda. Hata kama ingejua kwamba gari linabinuka, ingefanya nini? Breki haiwezi kuinua upande wa chini. Hakuna kompyuta inayoweza kushusha hema kutoka kwenye keria. Gari lako halikupinduka kwa kukosa mwelekeo. Liliangushwa na uzito wake kukaa mahali pabaya, kama kabati linavyoanguka ukiliegemeza kupita kiasi.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na ukiielewa utaitumia maisha yako yote. Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo. Gari likisimama sehemu tambarare, kitovu kiko katikati ya tairi za kushoto na za kulia. Likiinama, kitovu husogea kuelekea tairi za chini. Siku kitakapokaa juu kabisa ya tairi hizo, gari halina upande. Kikivuka kidogo tu, linaanguka. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo huamua: upana kati ya tairi za kushoto na za kulia, na kimo cha kitovu kutoka ardhini. Gawanya nusu ya upana kwa kimo hicho, utapata namba ambayo shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, limekuwa likiitumia kupanga nyota za hatari ya kupinduka tangu magari ya mwaka 2001. Magari madogo ya chini huwa kati ya 1.3 na 1.5. Magari ya juu kama lako huwa kati ya 1.0 na 1.3.

Tuchukue gari la mfano linalofanana na lako. Uzito kilo 2,200, upana kati ya tairi sentimita 158, kitovu kiko sentimita 72 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni 79, ukigawanya kwa 72 unapata takribani 1.1. Kwa lugha ya mwinamo, gari hilo likiwa gumu kama tofali lingeanguka likifika kama nyuzi 47 au 48. Sasa panda nalo vitu vyako. Hema kilo 60, tairi ya akiba kilo 30, madumu mawili ya lita 20 kilo 40. Jumla 130, na vyote vimekaa kama mita 2 juu ya ardhi. Kitovu kinapanda kutoka sentimita 72 hadi 79. Namba inashuka hadi 1.0, na mwinamo wa kuanguka unakuwa nyuzi 45. Mzigo ambao hata haufiki asilimia 6 ya uzito wa gari umekula karibu nyuzi 3.

Utaniuliza nyuzi 3 ni nini. Subiri. Gari si tofali. Lina springi, na springi za upande wa chini hubonyea huku za juu zikinyooka, kwa hiyo bodi huinama kuliko mlima wenyewe. Tairi za chini nazo hubonyea, hasa ukiwa umepunguza upepo. Hayo mawili hula nyuzi kadhaa nyingine, na mzigo wa juu huyazidisha. Sasa uko kwenye 40 hivi. Kisha linakuja shimo. Tairi zote mbili za upande wa chini zikishuka sentimita 25, kwa upana ule wa 158, gari huongeza nyuzi 9. Ikishuka moja tu, ya mbele kama ilivyokuwa kwako, mwinamo unaoongezeka ni mdogo kuliko huo, kwa sababu springi humeza sehemu yake. Lakini bodi haishuki ikasimama. Inashuka ikiwa na mwendo wa kuzunguka, na mwendo huo huisukuma mbele zaidi ya pale ambapo ingetulia. Ile "likasita kidogo" uliyoiandika ndiyo sentensi iliyonigusa kuliko zote. Wakati ule kitovu kilikuwa juu ya tairi za chini, gari halijaamua. Bila yale madumu juu, huenda lingerudi.

Ndiyo maana sisi tunaofundisha udereva wa nje ya lami hatumwambii mwanafunzi kwamba gari lake linaweza nyuzi 45. Namba hiyo ni ya gari lililosimama kwenye sakafu inayoinuliwa polepole, bila mzigo, bila shimo. Nikiwa nje ya lami, mimi huanza kuwa na wasiwasi kwenye 20 na hupenda kugeuka kabla ya 25 kama sijaikagua njia kwa miguu. Na usiogope kwamba utashindwa kukadiria. Mwili wa binadamu unaogopa mapema, na hiyo ni neema. Huwakalisha wanafunzi kwenye mwinamo wa nyuzi 20 na kuwauliza ni ngapi, na wengi husema 35 au 40. Kosa hutokea baada ya kuzoea, pale hofu inaponyamaza na mlima haujabadilika.

Na kama kuna aliyekwambia gari zito haliwezi kupinduka, mwambie ajaribu kuutafuta uzito ndani ya hesabu ile. Haumo. Uzito unaolivuta gari likae chini ndio uleule unaolivuta lianguke. Kinachohesabika ni umekaa wapi. Kwa sababu hiyo, kubadilisha springi ili kuinua gari, jambo linalopendwa sana, ni kuongeza nafasi chini ya tumbo la gari na kupunguza uwezo wa kukatiza mlima. Wakati mwingine inafaa. Lakini usiifanye ukidhani umeongeza usalama.

Kuna namna ya pili ya kupinduka ambayo hukukutana nayo, nami naitaja kwa sababu inaua zaidi. Ni pale gari linapoteleza kiubavu, halafu tairi zikakutana na kitu: jiwe, mfereji, au rundo la mchanga ambalo zenyewe zimelisukuma. Tairi zinasimama, bodi inaendelea. Marekani, karibu kupinduka kote kwa gari lililo peke yake, kwa makadirio ya NHTSA asilimia 95, huanza kwa tairi kukwama hivi, si kwa gari kupiga kona kali tu. Kwenye mchanga hutokea pale dereva anapopanda tuta kwa mshazari, gari likaanza kuteremka kwa ubavu, naye akapambana kulirudisha juu. Anayepambana kupanda hupinduka. Dawa yake ni chungu kwa akili lakini ndiyo hiyo: geuza usukani kuelekea chini, kanyaga mafuta kidogo, acha gari literemke pua ikiwa mbele. Gari ni refu kuliko lilivyo pana, kwa hiyo kwa pua lina nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Hata kwenye kilima chako, lile shimo lilipoanza kuvuta, nafasi pekee iliyokuwepo ilikuwa usukani upande wa bonde. Sikuambii hivyo ili ujilaumu. Ilikuwa chini ya sekunde mbili, na hakuna anayefanya hivyo bila kufunzwa, kwa kuwa kila mshipa wa mwili unataka kukimbilia juu.

Twende kwenye mifuko ya hewa. Ya mbele haikufumuka kwa sababu haikutakiwa kufumuka. Sensa zake husubiri gari lisimamishwe kwa nguvu kutoka mbele, kama kugonga ukuta au gari lingine, na mfuko hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho kisha hunywea papo hapo. Kwenye kubinuka ungekuwa umenywea kabla kichwa hakijafika popote. Ile ya pembeni, ninayopenda kuiita mapazia kwa sababu hushuka kutoka darini na kufunika vioo, ni jamii nyingine. Sensa husoma gari limeinama kiasi gani na linazidi kuinama kwa kasi gani, na zikiona haliwezi kurudi, hushusha mapazia pande zote mbili na kukaza mikanda. Mapazia hayo hukaa na hewa kwa sekunde kadhaa, maana gari huweza kuzunguka zaidi ya mara moja, na kazi yake kubwa ni kuzuia kichwa na mikono visitoke nje kupitia kioo kilichovunjika. Watoto wako walikuwa nyuma ya mapazia hayo. Yalifanya vizuri.

Baadhi ya magari, yakiwemo kadhaa ya Toyota, yana kitufe cha kuzima sensa hizo kwa ajili ya njia mbovu, ili mapazia yasifumuke bure gari likiinama sana kwenye mawe. Kwenye magari hayo ya Toyota, ukizima gari na kuliwasha tena, mfumo hujirudisha wenyewe. Je, uzime? Maoni yangu hayayumbi: ukiwa na familia ndani, hapana. Gharama ya mapazia yaliyofumuka bure inauma, lakini inalipika. Anayetambaa juu ya mawe makubwa, na mtu wa kumwongoza nje, anaweza kuwa na sababu ya kuzima kwa nusu saa. Wewe hukuwa huko.

ESC yenyewe ni suala tofauti. Kwenye mchanga laini au tope, tabia yake ya kukata nguvu ya injini magurudumu yanapozunguka inaweza kukuzamisha pale unapohitaji mwendo, na hapo kuipunguza au kuizima kwa kitufe ni sawa kabisa. Magari mengi hufanya hivyo yenyewe ukiingiza gia ndogo ya fo-wili. Ukirudi kwenye barabara ya changarawe, iwashe kabla ya kitu kingine. Changarawe kwa mwendo wa kasi ndipo hasa inapookoa maisha. ABS nayo ijue kwamba kwenye changarawe na mchanga hukupeleka mbali kidogo kabla ya kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofungwa hujilimbikizia kokoto mbele yake na kusimama nazo, ila ABS hailiruhusu lifunge. Unapoteza mita kadhaa, unabaki na usukani. Mimi huchagua usukani.

Sasa yule rafiki wa kufungua mkanda. Mpende, lakini usimsikilize. Wazo lake limekuwepo tangu zamani na limezika watu. Fikiria unavyoruka. Mlango wa upande wa chini ndiko gari linakoangukia, ukitokea huko unajilaza chini ya tani mbili. Mlango wa juu unakuwa mzito na unafunguka kuelekea angani, na una sekunde moja au mbili. Huruki. Unachofanya ni kubaki ndani bila kushikwa, ukiangukia wenzako, au unatupwa nusu nje na gari linakulalia. Wengi wanaokufa kwenye ajali za kupinduka ni wale ambao hawakufunga mkanda, na wengi wa hao walitupwa nje. Mkanda wa nukta tatu ambao Nils Bohlin aliubuni Volvo mwaka 1959 bado ndio kifaa kimoja kinachookoa kuliko vyote ndani ya gari lako. Mapazia, dari imara, viti, vyote vimepimwa kwa kudhani uko umefungwa.

Huenda umewahi kuona mkanda unajifunga na kukubana ukiwa kwenye mwinamo, hata gari likiwa limesimama, ukadhani una hitilafu. Ndani ya ile rola inayokunja mkanda kuna kipira au pendulo ndogo inayohama gari likiinama, nayo hufunga rola. Ni kawaida. Usiufungue kwa sababu hiyo, kaa wima na uache ukushike. Na mikono ibaki ndani. Vioo vya upande wa chini vifungwe, kila mtu, hata kukiwa na joto. Mkono unaotolewa nje kulizuia gari lisianguke ni jeraha ambalo ningependa nisilione tena.

Kuhusu mabomba ya kuchomelea, jibu langu lina pande mbili, na sitajifanya ni rahisi. Kwenye gari la mashindano, dereva akiwa na helmeti, kiti cha kumkumbatia na mikanda ya nukta tano au sita, keji ya mabomba iliyobuniwa na mtu anayejua ni jambo jema. Kwenye gari la familia, kichwa kisicho na helmeti kiko sentimita chache kutoka kwenye bomba la chuma, na mkanda wa kawaida humruhusu mtu kusogea kiasi cha kulifikia hata kwa anguko dogo. Pia mabomba huziba njia ya mapazia. Ungekuwa umebadilisha ulinzi unaojulikana kwa ulinzi usiopimwa. Dari za magari ya kisasa zenyewe si haba. Kanuni ambayo Marekani iliipitisha mwaka 2009 inataka dari ya gari dogo ibebe mara tatu ya uzito wa gari lenyewe, kila upande, wakati ile ya zamani ilitaka mara moja na nusu tu. Kama kweli unataka kutumia pesa kwenye chuma, nunua nyavu na kulabu imara za kufungia mizigo ndani. Jeki, kisanduku cha vifaa, kizimamoto kilicholala chini ya kiti, hivyo ndivyo huruka vichwani watu gari linapogeuka.

Sasa fundi wako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Pazia lililofumuka halirudishwi mahali pake. Linafumuliwa na gesi kutoka kwenye chupa au kidonge kinacholipuka mara moja tu, na likishatumika ni kitambaa kilichoning'inia. Akilikunja na kulifunika vizuri, gari litaonekana zima na watoto wako hawatakuwa na kitu. Yanatakiwa mapya, na mikanda yote iliyokuwa imefungwa siku ile ikaguliwe, kwani vile vifaa vinavyoikaza navyo hulipuka mara moja. Kompyuta ya mifuko ya hewa isomwe kwa mashine, na kwa magari mengi hubadilishwa. Taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka swichi inapofunguliwa kisha izime. Ikibaki inawaka, kazi haijaisha. Ikiwa haiwaki kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameiondoa. Nguzo za dari zipimwe, si kutazamwa tu, na mahali panapofaa ni kwa wakala wa gari lako au fundi bodi mwenye vipimo vya kiwanda.

Hukusema kama injini iliwashwa mara tu gari liliposimamishwa. Gari likilala ubavu, oili huweza kupita ikaingia ndani ya silinda. Ukipiga stata, pistoni inakutana na kimiminika kisichobonyea, na fito zinazoishika pistoni hupinda. Ikiwa ni dizeli, oili iliyoingia kwenye njia ya hewa inaweza kuwa mafuta yenyewe, na injini ikakimbia bila kusikia swichi. Kwa hiyo gari likiinuliwa, liache lipumzike, zitolewe plagi au nozeli, injini izungushwe taratibu ili oili itoke, ndipo ijazwe kiasi kilichopungua. Ikiwa yako iliwashwa siku ileile na tangu hapo inatoa mlio mpya au moshi wa buluu, mwambie fundi habari yote.

Safari ijayo, madumu ya maji yakae sakafuni nyuma ya viti, yamefungwa. Tairi ya akiba irudi mahali ilipowekwa na kiwanda. Hema, kama ni lazima likae juu, basi liwe peke yake huko, na usome kwenye kitabu cha gari keria inaruhusiwa kilo ngapi ukiwa nje ya lami, maana watengenezaji wengi huweka kiwango cha chini kuliko cha barabarani. Nyasi ndefu kwenye ubavu wa mlima zitembelee kwa miguu na fimbo. Wakati mwingine itakuwa bora kupanda kilima moja kwa moja na kushuka moja kwa moja kuliko kukikatiza, na gari likishindwa katikati ya mpando, usiligeuze. Weka rivasi, rudi kwa mstari uleule ulionyooka, mguu ukiwa mwepesi kwenye breki. Abiria washuke kabla ya sehemu yenye mashaka, wasimame upande wa juu. Na kama utaendelea na safari hizi, jilipie siku moja na mwalimu atakayekaa kando yako kwenye mwinamo halisi na kukufanya ugeuze usukani kuelekea bonde mpaka mikono izoee. Hilo halifundishiki kwa maandishi.

Likitokea tena, usifungue mkanda kwanza. Zima injini, ita kila mtu kwa jina, kisha egemeza miguu na mkono mmoja mahali imara ndipo ubonyeze kifungo, la sivyo utaangukia kichwa au utamwangukia aliye chini yako. Ukinusa mafuta au ukiona moshi, harakisha. Usipoviona, una muda wa kutoa watoto kwa utaratibu kupitia mlango wa nyuma.

Na kuhusu watoto: kama walikuwa kwenye viti vyao maalumu, viti hivyo vibadilishwe. Ajali ambayo imefumua mifuko ya hewa haihesabiwi kuwa ndogo, na ufa kwenye plastiki ya kiti hauonekani kwa macho. Usimpe mtu mwingine vile vya zamani. Kata mikanda yake kabla ya kuvitupa, ili asije mtu akaviokota akamfungia mtoto wake.